Nyuma ya Samansi ya Marwa

Siku niliyokabidhi funguo za masjala ninyi wenzangu wa mahakama mlinikalisha kwenye kiti chenye mikono, mkaniambia sasa mzee pumzika. Kiti kipo. Anakilalia paka. Mimi tangu nistaafu siwezi kukaa mahali pamoja muda wa chai kupoa. Natoka uani, nakwenda mpaka madukani hapa Nyamisangura, Tarime, kuulizia kiberiti nisichokihitaji, narudi, natoka tena. Mke wangu anasema nimekuwa kuku anayetafuta pa kutagia. Mlipoomba niwaandikie kumbukumbu za kazi nilikubali haraka, nikidhani kalamu itanikalisha. Haya naandika nimesimama, daftari liko juu ya kabati la vyombo.

Habari za vyeo sitaandika. Vyeo vilikuja vyenyewe, kama mvi. Nitaandika jinsi nilivyoanza, aliyenifundisha, na kesi moja. Mlizozisikia nikizisimulia wakati wa chai zilikuwa za kuchekesha. Hii sikuwahi kuwasimulia.

Niliingia kazini nikiwa na shati jeupe na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha, nikingoja kupewa kalamu. Mzee Nyamhanga, karani mkuu wa mahakama ile ya mwanzo, alinipa kopo la mafuta ya taa. Miguu ya kabati la faili ilikuwa imesimamishwa ndani ya mikebe minne, na kazi yangu kila Jumatatu ilikuwa kuijaza mikebe hiyo mafuta ili mchwa wasipande. "Hakimu anaweza kukosea, kuna rufaa," aliniambia. "Mchwa hana rufaa." Mashine yetu ya kupiga chapa ilikuwa imepoteza herufi moja, nayo tuliijaza kwa mkono katika kila hukumu. Mpaka leo nikisoma gazeti kidole kinataka kuijaza.

Mzee Nyamhanga alikuwa na kanuni mbili, na hakuwahi kuziandika popote.

Ya kwanza: amri ya kuonana na watoto iandikie mahali, usiiandikie mtu. Wazazi wakiachana, alisema, mtu hukimbia, hugombana, huoa, hulewa. Mahali hapakimbii. Andika boma fulani, siku fulani, na anayetaka kumwona mwanawe ataenda hapo.

Ya pili ilihusu samansi. Tarishi wetu, Chacha, mwanamume mnene mwenye baiskeli nyembamba, ndiye aliyepeleka hati za wito vijijini. Siku moja alirudisha samansi akasema, "Hakupatikana, mzee." Mzee Nyamhanga hakuitazama karatasi. Alitazama miguu.

"Chacha, kule anakoishi mtu huyu udongo ni mwekundu."

"Ndiyo, mzee."

"Hayo matope meusi umeyatoa wapi?"

"Nilipitia kwa shemeji, mzee. Nilipita tu."

"Basi pita tena, na safari hii umpite shemeji."

Chacha akageuza baiskeli. Mzee akanigeukia mimi, akaniita kama Wakurya wanavyomwita kijana. "Mura, usimwandikie mtu kwamba hakupatikana mpaka viatu vyako viwe na vumbi la nyumbani kwake. Neno hilo likishapigwa muhuri, mtu huyo hayupo tena duniani kwa upande wa mahakama."

Nilicheka kwa adabu. Nilikuwa kijana. Nilidhani ni maneno ya mtu anayekaribia kustaafu.

Kesi yenyewe ilikuja miaka michache baadaye. Marwa, mkulima na mfugaji wa upande wa Susuni, na mkewe Bhoke, walishindwana. Baraza la usuluhishi lilijaribu mara mbili, likaandika limeshindwa. Walikuwa na watoto wawili wa kike: Robhi wa miaka mitano, na Wankyo aliyekuwa bado mgongoni. Kwa mila zetu jambo hilo lilikuwa fupi. Mzee mmoja wa baraza alilimaliza kwa sentensi moja: "Mtoto hufuata ng'ombe." Marwa alikuwa ametoa mahari, na hakutaka ng'ombe hata mmoja arudishwe, kwa hiyo watoto ni wake. Lakini sheria mpya ya ndoa ilikuwa imefika hata kwetu, na hakimu akaifuata. Watoto wadogo wakae na mama yao, kwa babu yao mzaa mama, mpaka kila mmoja atimize miaka saba. Baba awaone kila siku ya gulio. Na watoto wasihamishwe bila mzazi mwingine kuitwa na kusikilizwa.

Niliiandika amri hiyo mimi. Niliiandikia mahali, kama nilivyofundishwa: uani kwa babu yao.

Mara ya kwanza hakimu aliamuru waonane mbele ya mahakama ili tuone kama kutakuwa na vurugu. Marwa alikuja na fimbo yake ya kuchungia. Alikuwa mrefu, mtu wa maneno machache. Hakumbeba Robhi wala kumbusu. Alimsimamisha, akaweka fimbo mgongoni kwake, akatoa kisu kidogo na kukata alama pale utosi wa mtoto ulipofikia. Halafu Wankyo, ambaye ilibidi Bhoke amshike makwapani asimame. Alama ya pili ilikuwa chini kabisa, karibu na ncha.

Mzee wa baraza alininong'oneza, "Unaona? Anapima ng'ombe wake wa kesho."

Nilicheka tena. Tangu siku hiyo nilimwona Marwa kama mtu anayelinda mahari. Andikeni hilo pembeni, maana kila kilichofuata kiliota hapo.

Kwa muda wa mwaka na zaidi hapakuwa na shida. Siku ya gulio Marwa alikwenda kwa mkwewe, akakaa uani, akapima, akaondoka. Mzee Nyamhanga alistaafu. Mimi nikachukua kiti chake, na viatu vipya vya ngozi nilivyoletewa na binamu yangu kutoka ng'ambo ya mpaka. Viatu hivyo navitaja kwa sababu vina sehemu katika kesi.

Kisha ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Ninyi mmeisoma shuleni. Sisi tuliisikia kwa miguu. Watu walipangiwa vijiji vipya kando ya barabara, malori yakapita, mapaa yakashushwa, magunia na kuku na vinu vikapakiwa pamoja. Kwetu mahakamani kazi iligeuka. Mashine yetu iliazimwa kuchapa orodha za kaya, Chacha akaazimwa kuhesabu kaya zenyewe, baiskeli ikaazimwa pamoja naye, na yenyewe haikurudi. Kila nilipoinua kichwa kulikuwa na mtu anayehama. Hata mafaili yalionekana kama yanataka kupanda lori.

Ndipo Bhoke alipokuja. Alikuwa amemaliza darasa la saba, jambo ambalo wanawake wengi wa umri wake hawakulipata, na kijiji kimoja kipya ng'ambo ya Mto Mara, katika wilaya mpya ya Serengeti ambayo mihuri yake ilikuwa bado na makali, kilitaka mtu wa kulea watoto wakati mama zao wako shamba la pamoja. Dada yake aliolewa huko. Boma la baba yao lilikuwa linahamishwa vyovyote vile.

"Umewaleta watoto?" nilimuuliza.

"Nimewaacha kwa mama. Nimekuja kabla ya kuwachukua. Si ndiyo amri yenu?"

"Lori linaondoka lini?"

"Nina siku nane."

"Na Marwa anajua?"

"Mimi na Marwa hatusemeshani, ndugu karani, mpaka mtoto awe katikati yetu. Mwiteni ninyi. Akikataa, nitamjibu hapa hapa mbele ya hakimu. Sitaki siku moja aseme niliwaiba wanawe."

Nilimwahidi. Niliandika samansi siku ile ile, nikaitia mfuko wa shati. Chacha hayupo, baiskeli hakuna, kwa hiyo ilikuwa juu yangu. Kwa Marwa ni mwendo wa asubuhi mpaka jua la utosi. Siku ya kwanza mvua ilinyesha. Ya pili nilichapa orodha za kaya. Ya tatu niliondoka kweli, nikafika mwisho wa mji mahali ambapo kijito hukata njia. Maji yalikuwa ya magotini na pembeni tope tupu. Nilitazama viatu vyangu. Nikajiambia, mtu mwenyewe anataka nini zaidi ya kupima ng'ombe? Nikageuka.

Siku ya sita niliitoa samansi mfukoni, ikiwa imekunjika kama jani la tumbaku, nikaandika nyuma yake: *Hakupatikana. Inasemekana amevuka mpaka.* Nikagonga muhuri.

Nataka mwelewe jinsi maneno yale yalivyokuwa mepesi. Nusu ya watu wa Susuni wana ndugu upande wa Kenya, na katika miezi ile mtu aliyechelewa kidogo shambani kwake tayari majirani walisema amevuka. Hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kushangaa.

Hakimu, ambaye alihudumia mahakama mbili na kwetu alikuwa akija mara mbili kwa wiki, aliigeuza karatasi. "Amevuka?"

"Inasemekana hivyo, mheshimiwa."

"Watu wa kule hawajui mpaka," akasema, na akasikiliza upande mmoja. Ruhusa ikatoka. Mahali pa kwenda niliandika "kijiji cha ujamaa ng'ambo ya Mto Mara", kwa kuwa kijiji chenyewe kilikuwa hakijakubaliana jina lake.

Bhoke alipokuja kuichukua aliuliza, "Marwa alisemaje?"

"Hakupatikana."

"Marwa?" Alinitazama. "Marwa ataenda wapi na mama yake kipofu?"

"Imeandikwa hivyo."

Akaikunja ruhusa na kuitia kwenye fundo la kanga. Angeweza kubisha. Lakini lori lilikuwa halimngoji, na mwenye muhuri nilikuwa mimi.

Siku ya gulio iliyofuata Marwa alikwenda kwa mkwewe kama kawaida. Alikuta kuta bila paa. Kinu kilikuwa kimeachwa, kimejaa maji ya mvua. Alikuja moja kwa moja mahakamani, fimbo mkono mmoja, mkungu wa ndizi begani.

"Ndugu karani, wanangu wako wapi?"

"Watu wamehamishwa, ndugu Marwa. Ni operesheni."

"Wamehamishiwa wapi?"

"Faili limepelekwa juu."

"Juu wapi?"

"Musoma."

"Litarudi lini?"

"Njoo gulio lijalo."

Faili lilikuwa chini ya kiwiko changu. Marwa akashusha mkungu mlangoni. "Hizi zilikuwa zao. Sitazirudisha nyumbani. Kuleni." Tulizila. Zilikuwa tamu, na hilo nalo sijaweza kulisahau.

Alikuja gulio lililofuata, na lililofuata. Alikuwa amemuuliza mkwewe katika kijiji alichohamishiwa, na mkwewe, ambaye alikuwa bado na kinyongo, alimjibu, "Waulize mahakama, ndio waliowapeleka." Kwa hiyo alikuja kwetu. Hakugombana. Alikaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, kidole gumba kikipita juu ya alama, kutoka ya chini kwenda juu, kutoka ya juu kwenda chini. Mimi nilisema faili halijarudi. Siku nyingine nilisema gari la Musoma limeharibika. Siku nyingine nilijifanya nina kazi nyuma ya kabati, nikakaa kule nikijaza mafuta mikebe iliyokwisha kujaa.

Ndipo nilipoanza ugonjwa huu wa kutokukaa. Siku za gulio zilipokaribia nilianza kutembea. Nilikwenda posta bila barua. Nilizunguka jengo. Mtu akiita "karani" niliruka. Niliwaza kumwambia ukweli, na kila nilipowaza hivyo niliona ile fimbo, na mkono ulioishika, nikaahirisha. Tayari msimu mmoja wa mvua ulikuwa umepita, na wa pili ulikuwa umeanza.

Siku moja ya gulio Mzee Nyamhanga alikuja kutaka nakala ya hati ya shamba lake. Alikaa benchi lile lile, karibu na Marwa. Niliwaona kupitia dirisha wakizungumza Kikurya polepole, mzee akiinamisha sikio. Kisha akaniita.

"Mura, njoo hapa."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyu ananiambia faili lake liko Musoma."

Nikageuka nusu kurudi ndani.

"Faili za ndoa za mahakama hii zimeanza kwenda Musoma lini? Mimi nilikaa hapa miaka yote ile, halikwenda hata moja. Hata mchwa hawakwenda."

"Mzee..."

"Lilete."

Nililileta. Halikuwa mbali. Alisoma samansi mbele, akaigeuza. Alisoma nyuma muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyostahili. Kisha akatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevipaka rangi asubuhi ile.

"Vinang'aa," alisema. "Vinang'aa sana."

Marwa, ambaye hakujua kusoma, aliuliza, "Kumeandikwa nini?"

Mzee akanirudishia karatasi. "Asome aliyeandika."

Nilisoma kwa sauti. *Hakupatikana. Inasemekana amevuka mpaka.*

"Nani alisema nimevuka?" Marwa aliuliza.

"Hakuna."

"Nani alikuja kunitafuta?"

"Hakuna aliyekuja."

Nilingoja fimbo. Ningefurahi ingekuja. Marwa alitazama chini, kama mtu anayekumbuka siku zake moja moja. "Wiki hiyo nilikuwa juu ya paa," alisema. "Naezeka nyumba ya mama. Mtu angekuja kutoka njia ya mjini ningemwona kutoka mbali." Kisha akasimama. "Utanipeleka waliko."

Nilikwenda kumwambia hakimu mwenyewe, kabla hajaambiwa. Aliniandikia onyo, ambalo mtalikuta katika jalada langu, na mnaruhusiwa kulisoma. Kisha akanipa ruhusa ya siku kadhaa na barua kwa wenzetu wa Serengeti.

Tulipanda lori la kwenda Mugumu, makao ya wilaya ile, mimi na Marwa na mbuzi kumi na watatu wa mtu mwingine. Tulipofika Mto Mara, maji yakiwa mengi na rangi ya chai ya maziwa, aliuliza, "Walivuka hapa?" Nikasema bila shaka. Akautazama mto ule mpaka ukapotea nyuma yetu.

Mugumu tuliingia ofisi moja, tukaelekezwa nyingine. Nilikuwa na barua yenye muhuri, na haikunisaidia. Vijiji vilikuwa vipya, vingine vimebadilishwa majina, vingine vimehamishwa mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza maji yalikosekana. Amri yangu iliyoandikiwa mahali ilikuwa karatasi tupu, maana mahali penyewe palikuwa pamekimbia. Tulikaa benchini tangu asubuhi. Karani mmoja kijana, shati jeupe kama langu la zamani, alitoka, akatutazama na kusema:

"Daftari la wakazi limepelekwa Musoma. Njooni kesho."

Marwa akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Ndugu karani," akasema, "huko Musoma lazima kumejaa."

Tukaanza kutembea. Siku mbili tulipita vijiji vya mistari iliyonyooka, nyumba za aina moja, kila nyumba na shimo lake la taka. Watu walitujibu kwa Kikurya, kwa Kiikoma, kwa Kinata, na tulipokwama, kwa Kiswahili. Wafugaji walilalamika kwamba zizi liko mbali kuliko shamba la mtu mwingine. Kila mahali tuliuliza mwanamke wa Tarime anayelea watoto, ana mabinti wawili. "Huyo si wa hapa." "Huyo alikuwepo, akahamia kwingine." Viatu vya ng'ambo vilipasuka unyayo siku ya pili, nikavifunga kwa kamba ya katani. Marwa alitembea mbele. Aliponizidi hatua nyingi alisimama, bila kugeuka, mpaka nilipomfikia, akaendelea.

Tuliwasikia watoto kabla ya kuona kijiji. Walikuwa wanaimba kuhesabu moja mpaka ishirini, wengine wakiruka kumi na saba. Bhoke alikuwa amesimama mbele yao na kijiti. Alipomwona Marwa kijiti kilishuka. Watoto wakaendelea kuhesabu wenyewe.

Hakumsogelea Marwa. Alinijia mimi.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza ataenda wapi na mama yake kipofu. Ukaniambia imeandikwa."

"Ndiyo."

"Nimekaa hapa kila siku ya gulio nikijiambia amewaacha wanawe. Robhi akiniuliza, nimemwambia baba yako amevuka. Nimemsema vibaya mbele ya watoto wake kwa neno lako."

Marwa akasema, bila hasira, "Bhoke, wako wapi?"

Robhi alitoka katikati ya mstari. Alikuwa amekuwa mrefu, mapengo mawili mdomoni. Hakukimbia. Alitembea mpaka mbele ya baba yake, akageuka mwenyewe bila kuambiwa, akanyoosha shingo na kungoja fimbo mgongoni.

Marwa akaiweka. Alama ya mwisho ilifika chini ya bega la mtoto. Akatoa kisu, akakata mpya. Halafu kisu kikabaki hewani, kikitafuta kitu kati ya alama ile ya chini na hii ya juu. Kipande kile cha fimbo kilikuwa laini, hakina hata mkwaruzo. Nilimwona akipitisha kidole pale. Kisha akafunga kisu.

"Wankyo," Bhoke aliita, "njoo umsalimie baba."

Wankyo alijificha nyuma ya kanga ya mama yake. Alipovutwa alilia mpaka akatapika uji. Marwa alirudi nyuma hatua tatu, akaweka fimbo chini ili mtoto asiiogope. Haikusaidia. Aliondoka siku ile bila alama ya mtoto huyo.

Hakimu aliandika amri mpya, safari hii pande zote mbili zikiwa zimekaa mbele yake. Bhoke abaki na kazi yake na watoto kule. Marwa hakuupinga uhamisho. Alisema maneno ambayo nayakumbuka yote: "Angeniuliza mwanzoni, ningemwambia nenda. Nilitaka kujua tu njia ya kwenda." Robhi aende kwa baba kila likizo ya shule, na baba aende kwa Wankyo akipata nafasi. Niliandika jina la kila mtu, la mwenyekiti wa kijiji, la mwalimu mkuu, na kwamba yeyote akihama ajulishe kwanza. Kanuni ya mahali ya Mzee Nyamhanga niliiacha. Ya viatu niliishika mpaka siku niliyowakabidhi funguo, na wale mliokuwa mkinung'unika kwa nini mzee anawakagua miguu, sasa mnajua.

Robhi alikwenda kila likizo. Wankyo hakukubali. Mtoto wa umri ule akishampoteza mtu, humpati kwa amri. Nilisikia kwa Bhoke kwamba Marwa alipofika kule mara kwa mara na ndizi zake, Wankyo alimwita "mgeni wa fimbo". Akiwa mdogo watu walicheka. Alipokuwa msichana aliendelea kumwita hivyo, na watu wakaacha kucheka. Alipoolewa, Marwa alikaa kwenye kiti cha baba, akapokea heshima zote, na binti akamsalimia kama mtu anavyomsalimia mjumbe wa nyumba kumi.

Miaka iliyofuata nilifanya kesi nyingi, nyingine nzuri. Marwa alikuwa akipita mahakamani kwa mambo yake, ananisalimu, namjibu. Hakuwahi kulitaja. Sikuwahi kumwomba radhi kwa maneno. Nilijiambia nilimpeleka Serengeti, inatosha. Na nyumbani kwake, mwendo wa asubuhi moja, sikuwahi kufika.

Mwezi uliopita nilifika. Nilimwambia mke wangu nakwenda kuulizia kiberiti, nikaendelea kutembea. Kijito cha mwisho wa mji sasa kina daraja. Njia ni nzuri, ina upepo, na jua lilipofika utosini nilikuwa nabisha hodi. Ndivyo ilivyokuwa fupi.

Alitoka mama mmoja, mke ambaye Marwa alimwoa baadaye. Tulisalimiana.

"Wewe ni nani, baba?"

"Karani wa mahakama. Wa zamani."

"Kuna kesi?"

"Hapana. Nimemfuata mzee Marwa."

"Hutampata. Amekwenda Mugumu, kwa Wankyo. Amejifungua mtoto wa kike."

"Wankyo? Amekwenda mwenyewe, au ameitwa?"

"Ameitwa. Wankyo amemtuma mtu mpaka hapa. Amesema, mwambieni baba aje na fimbo." Mama yule alitabasamu kidogo. "Ile ya zamani imejaa watoto wa Robhi, haina nafasi. Amekaa siku mbili hapo ulipo, anachonga mpya."

Nilitazama chini. Maganda ya mti yalikuwa bado yametawanyika, meupe, yamejikunja.

Alinivutia kigoda. Aliniletea maji, nikayanywa nimesimama. Akauliza kama nataka kuacha barua. Kalamu ilikuwa mfukoni, hainitoki kamwe. Nilisema hapana.

"Basi akirudi nimwambie nini?"

Viatu vyangu vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kamba.

"Mwambie karani alifika," nilisema. "Mwambie alikuja mpaka mlangoni, hakumkuta."